Sura ya Tisa: Mtu Mwenye Koti Zito

Jalada la wizi wa miche lilikuwa limekamilika mno, na hilo ndilo lililomkera Bi Kwanini. Shahidi alikuwepo, picha ilikuwepo, koti lilikuwepo, barakoa ilikuwepo, na mshitakiwa alikuwa na ufunguo wa mlango. Miaka kumi na saba ya upelelezi ilikuwa imemzoesha kupungukiwa: ukipata shahidi, picha hakuna, ukipata picha, shahidi kahama. Kesi hii ilimjia imeshiba. Mkuu wake alikuwa amekwisha kutia sahihi, na saa nane mchana wa Alhamisi hiyo mshitakiwa angepandishwa kizimbani.

“Mkuu, naomba nikapaone mahali penyewe mara moja,” alisema kwenye simu alfajiri.

“Kwa nini?”

“Leo umeniwahi. Swali hilo kwa kawaida ni langu.”

Mkuu hakucheka. “Mpaka saa nane. Ikipita dakika moja, jalada linakwenda mahakamani na wewe unalisikia redioni.”

Jina la Bi Kwanini hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wezi, na askari wenzake wakalidaka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu visivyo na kisigino na sauti ya upole inayochosha kuliko kelele. Mtu aliyekwisha kuhojiwa naye hakuwa na hamu ya kurudia.

Saa moja asubuhi alikuwa ameshafika kwenye kituo cha utafiti wa mbegu. Kilikuwa na majengo matano, kisima chenye pampu, na katikati banda la vioo lenye urefu wa hatua arobaini. Humo ndimo ilimokuwa miche ya viazi ambayo ukungu haukuiweza, trei kumi na nne, kazi ya miaka tisa ya mtu mmoja aliyeitwa Fundi Miche. Tangu alfajiri ya Jumanne trei hazikuwepo, na Fundi Miche alikuwa mahabusu kwa kosa la kuiba alichokipanda mwenyewe.

Kwenye kiti cha nyuma cha gari alikuwa amempakia mtu wa pili, fundi wa kamera na darubini kutoka mjini. Watu walimwita Macho Manne, kwa sababu alivaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya paji la uso, na daima alikuwa akiutafuta mmojawapo. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la viatu. Lakini lenzi iliyowashinda mafundi watatu wenye vyeti ukutani, yeye aliishika kwa vidole viwili, akaipulizia pumzi, akakwambia ilianguka lini na upande gani. Bi Kwanini alimheshimu kuliko alivyowaheshimu madaktari.

“Shahidi wetu ni yule,” alimwambia, akionyesha getini.

Kipanga alikuwa mlinzi wa miaka thelathini na tano, mwenye shingo ndefu na macho makali yaliyompa jina. Siku hiyo macho yalikuwa mekundu. Mtu aliyekuwa mahabusu kwa ushahidi wake alikuwa baba mkwe wake, aliyemzaa mama wa watoto wake. Jumanne hiyohiyo mke alifungasha nguo, akawachukua watoto, akarudi kwa mama yake. Tangu hapo alishinda kwenye benchi la kituo cha polisi akisubiri kumwona baba, na mumewe alipopita mbele yake hakumjibu hata salamu.

“Kwa wenzangu ulishasimulia,” alisema Bi Kwanini. “Sasa nisimulie mimi. Polepole.”

“Saa nane na robo usiku, Afande. Nilikuwa kwenye doria. Nikafika pale kwenye bomba la maji, nikainua darubini ya joto, nikaielekeza kwenye banda. Nikamwona mtu. Kasimama kule ndani, ananitazama.”

“Alikuwaje?”

“Mweupe. Kwenye kile kifaa binadamu anakuwa mweupe, ni joto lake hilo. Ila huyu alikuwa kafifia. Nikajua kavaa koti zito, joto halitoki.”

“Mikono?”

“Wa kulia ulikuwa chini. Wa kushoto kauinua mpaka usoni, kama mtu anayefunga barakoa.”

“Na sura?”

“Sura haionekani kwenye kifaa kile. Mtu ni umbo tu. Afande, mimi sikusema ni baba. Nilisema mtu. Naomba iandikwe hivyo.”

Iliandikwa hivyo. Wengine ndio waliomalizia. Fundi Miche alikuwa na koti zito la baridi. Alifunga barakoa kila aliponyunyiza dawa. Alikula, aliandika na alipogoa kwa mkono wa kushoto. Na usiku ule saa nane na robo alikuwa amelala peke yake kwenye nyumba ya watumishi, bila wa kumshuhudia isipokuwa mto wake. Ile picha ya Kipanga, iliyopigwa kwa kubonyeza kitufe cha darubini, ilikuwa imechapishwa ukubwa wa karatasi nzima na kubandikwa ukurasa wa kwanza wa jalada.

Hapa ni haki kusema jambo moja juu ya Kipanga. Angeweza kuifuta picha ile. Kitufe cha kufuta kiko jirani na cha kupiga, na hakuna mtu ambaye angejua. Aliikabidhi kwa polisi mwenyewe asubuhi ile, kabla hajaombwa, huku akijua koti zito lilikuwa la nani. Bi Kwanini aliwajua wapelelezi wenye nyota begani ambao wasingeikabidhi.

“Hii darubini unayo tangu lini?” alimuuliza.

“Ililetwa wiki iliyopita. Jumatatu ile lilikuwa lindo langu la pili nayo.”

“Nani alikufundisha kuitumia?”

“Mkuu wa ulinzi alinionyesha pa kuwashia. Kitabu chake kiko kwenye droo yake.”

“Kwa nini kiko kwenye droo?”

Bi Kwanini aliandika neno moja kwenye daftari lake na kulipigia mstari.

Mlinzi wa pili wa usiku ule alikuwa mwanamke mnene wa makamo aliyeitwa Kurunzi. Alikuwa amekaa kwenye kibanda cha geti, chupa ya chai kando yake, na mezani kulikuwa na darubini ya usiku iliyozungushiwa utepe mweusi sehemu tatu. Yeye ndiye aliyeitwa na Kipanga baada ya kumwona mtu.

“Uliona nini?” aliuliza Bi Kwanini.

“Niliona trei.”

“Trei gani, mama?”

“Zote. Kumi na nne.” Kurunzi alifungua daftari la lindo, akalisukuma mbele bila maneno mengi. Kwa mwandiko uliosimama wima, iliandikwa: Saa nane na dakika ishirini na tano. Banda la vioo. Mlango umefungwa. Trei kumi na nne. Hakuna mtu.

Bi Kwanini alisoma mara mbili. “Ukurasa huu haumo kwenye jalada langu. Kwa nini?”

“Muulize mkuu wa ulinzi. Aliwaambia polisi darubini yangu ni ya zamani, haioni kitu. Kwamba ile mpya imemwona mtu, sasa mimi na chombo changu cha utepe nani atatusikiliza?” Aliongea bila uchungu, kama anayeeleza hali ya hewa. “Mimi kila nikipita nahesabu, Afande. Madirisha nahesabu, mbuzi nahesabu, magari nahesabu. Mume wangu anasema nikiwa usingizini pia nahesabu.”

Bi Kwanini aliona uzito wa mstari ule mara moja. Saa nane na nusu usiku ule bomba la pampu lilipasuka. Mtu wa pampu alikwenda kumgongea Fundi Miche, na wawili hao pamoja na dereva wa trekta walizama mpaka kiunoni kwenye shimo la kisima hadi kulipopambazuka. Hayo watu wawili walishayaapia. Hayakumsaidia Fundi Miche kwa sababu wizi ulihesabiwa kuwa wa saa nane na robo. Lakini kama saa nane na dakika ishirini na tano trei zilikuwepo zote, basi ziliibwa baadaye, wakati yeye akiwa matopeni na mashahidi wawili wakimshikia taa. Maisha ya mtu yalikuwa yamening'inia kwenye darubini yenye utepe.

“Fundi,” alimwita Macho Manne. “Nataka kujua hivi vyombo viwili vinaona nini. Nionyeshe, usinihutubie.”

Macho Manne alishusha miwani ya pajini. “Nipe chumba kisicho na dirisha.”

Wakapewa stoo ya mbolea. Ilikuwa na mlango mmoja wa bati, na ukiufunga humo ndani hakukuwa na tofauti ya kufumba macho na kufumbua. Bi Kwanini alichukua kipande cha boksi, akaandika juu yake kwa kalamu nene bila kumwonyesha mtu, akaenda kusimama mwisho wa stoo. Kurunzi na Kipanga walisimama mlangoni, kila mmoja na darubini yake. Macho Manne alifunga mlango.

“Mama Kurunzi, unaona nini?”

“Giza.”

“Kipanga?”

“Namwona Afande. Kasimama kati ya magunia, kashika kitu kifuani. Na panya yuko juu ya gunia la tatu.”

“Kitu alichoshika kimeandikwa nini?”

“Hakijaandikwa kitu. Ni kipande cheusi tu.”

“Haya.” Macho Manne alifungua mlango kwa upana wa kidole. Ufa wa mwanga uliingia, mdogo hivi kwamba macho matupu yaliona ufa wenyewe na si kingine.

“Ehee,” alisema Kurunzi. “Sasa naona. Kijani kibichi kila mahali. Afande kashika boksi. Limeandikwa, ‘Chai yangu iko wapi?’ Iko getini, Afande, ila vikombe ni viwili.”

Hata Kipanga alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Macho Manne hakucheka. Alikuwa anaigeuza darubini ya utepe mkononi kwa mapenzi.

“Hii inaokota mwanga,” alisema. “Mwanga uwe mdogo wa kuomba, wa nyota, wa taa ya jirani, inaukusanya na kuukuza. Kwa hiyo inaona kama jicho linavyoona. Inasoma maandishi, inatambua sura. Ukiinyima mwanga kabisa, imekufa. Ile nyingine haina habari na mwanga. Inasoma joto. Kukiwa na giza la kaburini, kukiwa na moshi, itakupata tu kwa sababu una damu ya moto. Ila maandishi yana joto gani? Ndiyo maana haisomi.”

“Ipi bora?”

“Afande, kati ya sufuria na kikaango kipi bora? Sema kwanza unapika nini. Mtoto kapotea porini, nipe ya joto, nitamwona kutoka mlima wa pili. Nikishamwona, nikitaka kujua ni wa nani, nipe hii.”

“Na kioo?”

Macho Manne aliutazama mlango, kisha akamtazama Bi Kwanini, na taratibu uso wake ukabadilika, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. “Afande,” alisema, “hebu twende bandani kabla jua halijapanda.”

Jaribio la pili lilipangwa na Bi Kwanini mwenyewe, na halikuwa na mapambo. Alimsimamisha Kipanga penye bomba la maji, hatua sita kutoka ukuta wa kioo, upande ambao ulikuwa bado kivulini. Aliwaamuru Macho Manne na Kurunzi wasogee mbali pembeni, nyuma ya ukuta wa stoo. Kisha alifungua mlango wa banda, akaingia, akasimama kati ya meza tupu.

“Mama Kurunzi amekwisha kutuonyesha kwamba yeye anaona,” alipaza sauti. “Sasa wewe. Inua darubini yako kama ulivyoiinua usiku ule. Unaniona?”

“Nakuona, Afande.”

“Niko wapi?”

“Umesimama mbele yangu. Unanitazama.”

“Mikono yangu iko wapi?”

“Wa kulia uko chini. Wa kushoto umeinua usoni.”

“Koti nimevaa?”

“Umefifia kidogo. Kama umevaa.”

Bi Kwanini alikuwa na blauzi ya mikono mifupi. Mikono yake yote miwili ilikuwa mfukoni. Alitembea kutoka meza ya katikati mpaka ukutani upande wa pili, akachuchumaa nyuma ya pipa.

“Na sasa?”

“Hujasogea, Afande.”

“Kipanga,” alisema Bi Kwanini, na sauti yake ilikuwa laini kuliko kawaida. “Shusha darubini. Nitazame kwa macho yako.”

Kipanga aliishusha. Ukuta wa kioo ulikuwa mweupe na safi, na nyuma yake mwanamke mfupi alikuwa anainuka kutoka nyuma ya pipa akijikung'uta magoti. Akainua tena darubini. Mtu aliyefifia alikuwa palepale. Akainua mkono wa kushoto uliokuwa chini, akaupunga. Mtu yule naye akapunga.

Kipanga alikaa chini kwenye maji ya bomba, na sare yake yote.

Macho Manne ndiye aliyekuja kumshika bega. “Joto halipiti kwenye kioo, bwana. Kwa chombo hiki, kioo ni ukuta. Na kwa kuwa ni laini, kinakurudishia joto lako mwenyewe, si lote, sehemu tu. Ndiyo ule weupe hafifu. Mkono wako wa kulia ulioshika darubini usoni, kwake unaonekana wa kushoto. Usijilaumu. Nimeona watu wenye shahada wakijirushia mawe.”

“Nimemfunga baba yangu,” alisema Kipanga. “Kwa kujitazama mwenyewe.”

“Bado hajafungwa,” alisema Bi Kwanini. “Simama. Nina kazi nawe. Ile kadi ya picha ya darubini iko wapi?”

Hapo ndipo alipoonyesha kwa nini wezi walimwogopa. Mtu mwingine angefurahi, akapanda gari, akawahi mahakamani na nusu ya ukweli. Yeye alijua kwamba mkuu wake angeuliza, kama si yule ni nani, na kesi ingemrudia Fundi Miche kwa mlango wa nyuma: labda alikuwa na mshirika, labda alimwazima mtu ufunguo. Wapelelezi wa kwanza walichukua picha moja kwenye kadi, ile waliyoitaka. Hakuna aliyeuliza kama zilikuwepo nyingine.

Zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Kipanga, kama mtu yeyote aliyepewa kifaa kipya, alikuwa amebonyeza kila alichokiona. Walizifungua kwenye kompyuta ndogo ya Macho Manne, juu ya meza ya Kurunzi, chai ikiwa kando. Kulikuwa na sungura. Kulikuwa na kikombe cha uji kinachowaka kama taa, na paka, na alama ya kiganja iliyobaki ukutani baada ya mkono kuondoka. Hiyo ilimfurahisha Bi Kwanini kuliko inavyostahili, na akaitazama tena na tena. Kulikuwa na nyayo zenye joto za Kurunzi kwenye sakafu ya saruji.

“Kumbe hata nyayo zangu umezipiga,” alisema Kurunzi. “Mke wako angejua.”

Picha ya mia moja na tisini ilikuwa ya saa kumi kasoro dakika ishirini. Ilionyesha uwanja wa maegesho. Magari mawili yalikuwa yamesimama ubavu kwa ubavu. La kwanza lilikuwa jeusi lote, limepoa kama ardhi iliyo chini yake. La pili, pikapu, lilikuwa na boneti nyeupe inayong'aa, na chini yake magurudumu manne meupe.

“Hii uliipiga kwa nini?” aliuliza Bi Kwanini.

“Ilikuwa nzuri tu, Afande. Baada ya ile purukushani mkuu wa ulinzi alitutuma mimi na Mama Kurunzi tukakague uzio wa chini mpaka alfajiri, yeye akabaki getini na bandani. Mimi nilirudi mara moja kubadilisha betri.”

“Pikapu ya nani?”

Walinzi wawili walitazamana. Kurunzi ndiye aliyejibu, akirudisha kurasa za daftari lake. “Ya mkuu wa ulinzi. Iliingia saa mbili usiku. Haijaandikwa kutoka. Lakini geti alilishika yeye.”

Ufunguo wa pili wa banda ulikuwa kwenye kisanduku ofisini kwa mkuu wa ulinzi. Bi Kwanini alikuta ofisi ina zulia, feni, na kalenda ya mwaka uliopita. Mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mwenye kucha safi, mkarimu kwa maneno.

“Karibu, Afande. Kesi yetu inakwenda leo, nasikia.”

“Inakwenda. Nina mambo madogo ya kumalizia. Usiku ule walinzi wako walipokuwa uzioni, wewe ulikuwa wapi?”

“Bandani. Kulinda mlango.”

“Gari lako lilitoka?”

“Halikutoka. Tangu saa mbili usiku lilikuwa limelala, mpaka nilipokwenda nyumbani asubuhi.”

“Una hakika?”

“Kama ninavyokuona.”

Bi Kwanini aliandika jibu hilo, akamsomea, akamwomba atie sahihi. Alitia. Ndipo alipoweka picha mezani.

“Saa kumi kasoro dakika ishirini,” alisema. “Gari lililolala kwa muda wa karibu saa nane linakuwa baridi kama hili la jirani. La kwako boneti inawaka. Kwa nini?”

Mkuu wa ulinzi aliitazama picha. “Ah! Nililiwasha. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Nikawasha injini, nikachaji.”

“Likiwa limesimama?”

“Limesimama palepale.”

“Na magurudumu nayo uliyachaji?”

Feni ilizunguka. Mkuu wa ulinzi aliinamia picha tena, safari hii karibu zaidi. Alikuwa mtu aliyezoea kuvijua vifaa kwa jina la dukani. Kwamba tairi hupata joto kwa kutembea, na kwamba chombo alichokiagiza mwenyewe kingeweza kulisoma joto hilo, halikuwahi kumpitia kichwani. Aliuficha uongo wake gizani mbele ya kitu ambacho giza si kitu kwake.

“Kipanga alipopiga kelele za mtu bandani,” alisema Bi Kwanini, “ulifika, ukaingia peke yako, ukakuta hakuna mtu na trei zote zipo. Ukajua kosa lake, au hukulijua, shauri yako. Lakini uliona kwamba asubuhi kila mtu atasema mwizi kaonekana saa nane na robo. Ulichobakiza ni kuiba. Ukawatuma uzioni, ukachukua ufunguo, ukapakia. Ukurasa wa Mama Kurunzi ndio uliokusumbua, ukasema kwamba darubini yake haioni. Trei ziko wapi?”

“Afande, naomba maji.”

“Nitakupa. Trei ziko wapi? Miche ile ina siku tatu bila maji.”

“Nyumbani kwa kaka yangu,” alisema mwishowe. “Kwenye banda la kuku. Kuku hawamo.”

Zilipatikana zote kumi na nne, saa sita na nusu. Miche michache tu ilikuwa imelegea. Bi Kwanini alimpigia mkuu wake akiwa bado amesimama kwenye manyoya.

“Jalada lisiende,” alisema.

“Kwa nini?” aliuliza mkuu, kisha akajisikia mwenyewe, akacheka kwa mara ya kwanza mwaka huo. “Una akili wewe mwanamke. Njoo nalo.”

Saa saba na robo Fundi Miche aliletwa kaunta kukabidhiwa mkanda wake, saa yake na ufunguo wa banda. Alikuwa mwembamba, mvi kidogo, na kucha zenye udongo ambao siku tatu za mahabusu hazikuutoa. Bintiye aliinuka kwenye benchi. Kipanga alikuwa amesimama mlangoni, suruali bado ina unyevu wa bomba, na hakuthubutu kuvuka kizingiti. Bi Kwanini alikuwa ameshamweleza mzee yote, ila hakuondoka. Alijifanya anatafuta kalamu.

“Njoo,” alisema Fundi Miche.

Kipanga alikuja, kichwa chini.

“Ulipomwona yule mtu, mdomoni ulisema mtu. Moyoni ulisema nani?”

Angeweza kudanganya hapo. Hata koplo wa kaunta alitamani adanganye.

“Nilisema ni wewe, baba.”

“Na picha ukaipeleka.”

“Nikaipeleka.”

Fundi Miche alifunga mkanda wake tundu kwa tundu. “Siku ya posa,” alisema, “mama yake huyu aliniuliza, huyo kijana wa ulinzi tunamjua? Nikamwambia hatumjui. Nikakubali kwa roho nusu. Miaka kumi na mmoja nimekaa na nusu hiyo.” Akamgeukia bintiye. “Mwanangu, rudi kwa mumeo. Mtu aliyeshindwa kumdanganyia baba mkwe wake, atakudanganya wewe?”

Kisha akamkabidhi Kipanga mfuko wa nguo zake auchukue, akatangulia kutoka nje.

Mke alibaki amesimama mbele ya mumewe. Alimtazama shingo, ambayo ilikuwa imekonda, na sare iliyochafuka matope. Siku tatu alikuwa hajamwambia neno.

“Umekula?” alimuuliza.

“Sijala,” alisema Kipanga, na machozi yakamtoka mbele ya kaunta nzima, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imekumbatia mfuko wa mkwe wake, hakuyafuta.